Mvua ya Kindu na swali la sababu

Nani analeta mvua ni swali la kale katika dini na katika falsafa, na kila jamii inayoishi kwa kilimo imelazimika kulijibu. Huko Maniema, nchi ya mpunga na mihogo mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jibu la kwanza linalotajwa ni Mungu. Waislamu wa mji wa Kasongo na Wakatoliki wa mji wa Kindu wanaachana katika mengi, lakini katika hilo wako pamoja. Tangu katikati ya karne ya 20 limejitokeza jibu jingine, la watafiti wanaochunguza jinsi angahewa, bahari na barafu zinavyopeana joto na maji: mvua inayoshuka juu ya mto Lualaba ina asili yake katika Bahari ya Hindi, katika Atlantiki, na hata katika barafu za ncha za dunia. Linabaki swali la tatu, nalo ndilo la kifalsafa: je, jibu la pili linalifuta la kwanza? Halilifuti. Hata hivyo haliliachi kama lilivyokuwa, kwa maana utafiti huo, pasipo kuugusa mkono wa Mungu katika mvua, umeuonyesha mkono wa binadamu, na binadamu ni wa kuulizwa.

Mji kati ya bahari mbili

Kindu uko karibu digrii 3 kusini mwa ikweta, kando ya Lualaba, jina la mto Kongo kabla haujapita maporomoko ya Boyoma. Komine za Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto, inakofika reli ya kutoka Lubumbashi. Alunguli iko ng'ambo. Ukipimwa mstari ulionyooka kutoka mjini hadi pwani ya Kenya, na mwingine hadi pwani ya Gabon, kila mmoja unafika kilomita 1,500 hivi au zaidi, na haipishani sana. Mji huo, basi, uko mbali na maji ya chumvi kwa pande zote mbili, lakini mvua yake inazitegemea bahari zote mbili.

Jua hulipasha joto tabaka la juu la bahari, maji hugeuka mvuke, na pepo huubeba mvuke huo hadi bara. Uchunguzi wa asili ya unyevu wa bonde la Kongo uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba vyanzo vikubwa ni viwili: Bahari ya Hindi upande wa kusini-magharibi, na msitu wa bonde lenyewe, ambao huyavuta maji ardhini kwa mizizi na kuyarudisha angani kwa majani. Tone linaloanguka Pangi au Kailo, humohumo Maniema, huenda limekwisha kunyesha kwingine bondeni kabla ya hapo. Atlantiki inachangia mvuke kidogo zaidi, lakini ina njia yake ya kutawala. Tofauti ya joto kati ya sehemu moja ya bahari hiyo na nyingine huamua nguvu ya pepo zinazoingia bara, na pepo hizo huamua mvua itamwagwa wapi.

Upande wa mashariki kuna mzunguko uliotambuliwa rasmi mwaka 1999, pale N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao walipoueleza katika jarida la Nature. Miaka mingine maji ya Bahari ya Hindi yaliyo karibu na Afrika hupata joto kuliko kawaida, huku yale ya karibu na Sumatra yakipoa. Hewa hupanda kwa wingi upande wa Afrika, pepo za mashariki hupata nguvu, na mvua huzidi kutoka pwani ya Waswahili hadi Maziwa Makuu na bonde la Kongo. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, mwaka ambao Ziwa Victoria lilianza kupanda kwa kiasi kisichosahaulika na mto Kongo ukafurika Kinshasa. Ilikuwa hivyo tena mwaka 2019. Mwishoni mwa 2023 hali hiyo ilikutana na El Niño ya Pasifiki, na Januari 2024 mto ulifika Kinshasa kimo ambacho haukuwa umekifikia tangu mwaka ule wa 1961.

Kinachounganisha hewa na bahari ni joto, na kinachovitofautisha ni muda. Hewa haikai na hali moja kwa zaidi ya siku au majuma machache. Bahari hukaa na joto lake kwa miezi, miaka na hata karne, na barafu nene za Greenland na Antaktiki hudumu kwa maelfu ya miaka. Kwa sababu hiyo mafuriko ya wiki moja yanaweza kuwa na chanzo katika joto la bahari la miezi iliyopita, na joto hilo nalo likawa na chanzo kilichoanza kabla wahanga wa mafuriko hawajazaliwa. Mwaka 1969 Syukuro Manabe na Kirk Bryan walikuwa wa kwanza kuziunganisha hesabu za angahewa na za bahari katika modeli moja ya kompyuta. Miaka michache baadaye Klaus Hasselmann alieleza kihesabu jinsi bahari inavyogeuza vurugu za hali ya hewa za kila siku kuwa mabadiliko ya polepole. Manabe na Hasselmann walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021.

Barafu ya mbali, matope ya Kongo

Barafu iliyo karibu zaidi na Kindu iko kwenye milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, chini ya kilomita 600 kuelekea kaskazini-mashariki. Maji yake hayafiki Lualaba: huteremka mto Semliki, huingia Ziwa Albert na kwenda Nile. Barafu inayogusa mvua ya Maniema iko mbali zaidi, na inaigusa kwa kupitia baharini.

Barafu nyeupe hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Ikipungua, bahari nyeusi iliyo chini yake hunyonya joto. Zaidi ya hayo, barafu ya nchi kavu ikiyeyuka huingiza maji baridi yasiyo na chumvi katika Atlantiki ya kaskazini. Huko, kwa kawaida, maji ya chumvi yaliyopoa huzama hadi vilindini, na kuzama huko huvuta maji ya vuguvugu kutoka kusini. Maji yasiyo na chumvi ni mepesi na hayazami kwa urahisi. Yakizidi, mzunguko mzima hupungua kasi, joto hubaki kusini mwa Atlantiki, na mikanda ya mvua ya tropiki huhama.

Ushahidi kwamba jambo hilo limewahi kuligusa bonde la Kongo uko chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto. Kongo hubeba udongo na mabaki ya majani kutoka pande zote za bonde, Lualaba ikiwamo, na kuyatua kwenye sakafu ya Atlantiki, tabaka juu ya tabaka. Mwaka 2005 Enno Schefuß, Stefan Schouten na Ralph Schneider walichapisha matokeo ya uchunguzi wa nguzo nyembamba ya matope iliyochimbwa huko. Nta inayofunika majani huwa na hidrojeni iliyotoka katika maji ya mvua, na uwiano wa hidrojeni nzito na nyepesi huonyesha kama mvua hiyo ilikuwa nyingi au haba. Kwa njia hiyo waliisoma historia ya mvua ya Afrika ya Kati ya miaka 20,000. Mvua ilifuata tofauti ya joto ndani ya Atlantiki ya kusini, na ilipungua katika vipindi ambavyo mzunguko wa Atlantiki ya kaskazini ulikuwa umedhoofika, kama ule ulioanza karibu miaka 12,900 iliyopita na kudumu zaidi ya miaka elfu moja. Miaka miwili baadaye Johan Weijers na wenzake walitumia mafuta ya bakteria yaliyomo katika matope hayohayo kukadiria kwamba joto la bonde lilipanda kutoka wastani wa nyuzi 21 wakati wa zama za barafu hadi 25.

Ushahidi mwingine uko nchi kavu, katika vinamasi vya katikati ya bonde, ambako mabaki ya mimea yamelundikana bila kuoza kabisa. Mwaka 2017 ilikadiriwa kuwa udongo huo mweusi umefungia takriban tani bilioni 30 za kaboni. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya karibu miaka 5,000 na 2,000 iliyopita hali ya hewa ilikauka, sehemu kubwa ya udongo uliolundikana tangu miaka 7,500 iliyopita ikaoza, na kaboni yake ikatoka. Kwa hiyo bonde si mpokeaji tu wa yanayoamuliwa baharini. Likikauka vya kutosha, nalo huibadilisha hewa ambayo dunia nzima inaishi ndani yake.

Kujua kisichoonekana

Hapa linatokea swali la maarifa. Mtu wa Kindu anaambiwa kwamba mvua yake inahusiana na barafu ambayo hajaiona na hatarajii kuiona. Kwa haki gani aamini?

Swali hilo lina historia mkoani humohumo. Machi 1871 msafiri David Livingstone alifika Nyangwe, soko kubwa la ukingoni mwa Lualaba juu ya Kindu, akitumaini kwamba mto aliouona ni Nile. Alikufa mwaka 1873 bila kupata jibu. Agosti 1874 msafiri mwingine, Verney Lovett Cameron, alifika hapohapo. Hakupata mitumbwi ya kuufuata mto, ila alikuwa na vipimo. Alipima kimo cha Nyangwe kutoka usawa wa bahari, akakuta kiko chini ya kimo cha Nile kule Gondokoro, na maji hayapandi mlima. Alikadiria wingi wa maji, akaona ni mengi kuliko ambayo Nile ilikuwa nayo hapo Gondokoro. Akahitimisha kwamba Lualaba ni Kongo. Miaka miwili baadaye Henry Morton Stanley, akiwa na mfanyabiashara Tippu Tip na watu wake mwanzoni mwa safari, aliondoka Nyangwe kuteremka mto, na Agosti 1877 akatokea Boma, karibu na Atlantiki. Aliyefika aliyathibitisha yale ambayo aliyepima alikuwa ameshayajua.

Kisa cha pili kinaonyesha kosa la upande mwingine. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro na kuandika habari zake. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alikataa: theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Wachaga walioishi chini ya mlima walikuwa wanaijua baridi ya kileleni kabla ya wote wawili. Cooley aliichukua nadharia yake kuwa kipimo cha ushuhuda, na hakukubali hata Karl Klaus von der Decken alipoukwea mlima sehemu ya njia mwaka 1862 na kuthibitisha maneno ya Rebmann.

Kwa kuvitazama visa hivyo pamoja, njia za kujua ziko tatu: kuona, kupewa habari, na kuhitimisha kutokana na ishara. Hakuna hata moja iliyo dhaifu kwa asili yake. Elimu ya Kiislamu, inayofundishwa Kasongo tangu karne ya 19, ina kanuni mahususi juu ya habari. Habari ya mtu mmoja huleta dhana; habari inayosimuliwa na watu wengi wa njia mbalimbali, ambao haiwezekani wawe wamekubaliana kusema uongo, huleta yakini. Utafiti wa hali ya hewa ya kale unaegemea kanuni inayofanana na hiyo. Barafu ya Antaktiki inahifadhi mapovu ya hewa ya miaka 800,000. Matope ya mdomo wa Kongo yanahifadhi nta ya majani. Mashapo ya Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake hufika Kindu kwa mto Lukuga, yanaonyesha kwamba tabaka la juu la ziwa katika karne ya 20 lilipata joto ambalo halikuwahi kuonekana kwa miaka 1,500 kabla ya hapo. Mashahidi hawa ni wa namna tofauti, wako mbali na mbali, na wamehojiwa na watu tofauti kwa vipimo tofauti. Kila mmoja peke yake anaweza kukosewa kusomwa. Kupatana kwao ndiko kunakoipa hoja uzito.

Yakini, dhana na utabiri

Uzito huo hauko sawa katika kila jambo. Kwamba hewa ya kaboni imeongezeka kutoka karibu sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420 leo ni jambo la kupimwa moja kwa moja, na limekuwa likipimwa tangu Charles David Keeling alipoanza kazi huko Mauna Loa mwaka 1958. Kwamba bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na ongezeko hilo nako kunapimika. Lakini mvua ya bonde la Kongo itazidi au itapungua kwa kiasi gani ni jambo ambalo modeli hazikubaliani. Mwaka 2013 Richard Washington na wenzake, miongoni mwao Wilfried Pokam wa Kamerun, walichapisha makala iliyouliza waziwazi kama modeli zinaaminika katika bonde hili. Walionyesha kwamba hata kiasi cha mvua inayonyesha sasa modeli hukitaja kwa tofauti kubwa, na kwamba vituo vya kupima ni vichache mno kuamua ipi iko sahihi. Vituo vingi vya wakati wa ukoloni vilikufa baada ya uhuru, vingine katika vita. Mnara wa kupima hewa ya msitu uliojengwa Yangambi, katika jimbo la Tshopo, ni hatua ya kuliziba pengo hilo.

Kilimanjaro inafundisha jambo jingine kuhusu utabiri. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walichapisha matokeo ya nguzo za barafu walizochimba kileleni. Barafu ya mlima huo ilikuwa imepungua kutoka kilomita za mraba 12 mwaka 1912 hadi chini ya 3, na waliandika kwamba mwenendo huo ukiendelea itakwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo ilipita, barafu ikabaki, ingawa ndogo na inayozidi kupungua. Anayeusoma utabiri kama unabii ataona kwamba watafiti wamesema uongo. Anayeusoma kama hoja yenye sharti ataona kwamba makadirio ya muda yalikosea na mwelekeo ulikuwa sahihi. Nabii katika dini hutamka kwa mamlaka ya aliyemtuma. Mtafiti hana mtumaji wa namna hiyo, na kauli yake inastahili kuaminiwa kwa kiwango cha ushahidi wake, si zaidi na si pungufu. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi lilifuata utaratibu huo mwaka 2021. Lilisema mzunguko wa Atlantiki una uwezekano mkubwa sana wa kudhoofika katika karne hii, na likaweka imani ya kadiri tu katika kauli kwamba hautaporomoka ghafla kabla ya 2100.

Sababu na Msababishaji

Tuseme basi mnyororo umejulikana: joto la bahari, mvuke, upepo, msitu, mvua. Je, nafasi ya Mungu imejaa? Wanafalsafa wa dini walilijadili swali hilo kabla ya sayansi ya kisasa kuzaliwa.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishikilia kwamba kati ya kile tunachokiita sababu na tokeo lake hakuna fungamano la lazima. Pamba ikikaribia moto huungua, lakini tunachoona ni kuungua pamoja na moto, wala hatuoni moto ukiunguza. Mwenye kuunguza ni Mungu, na mpangilio tunaouzoea ni desturi Aliyoiweka. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba anayekana sababu anakana akili yenyewe, kwa sababu kujua kitu ni kujua sababu zake, na sababu hizo ni kazi ya Muumba. Katika Ukristo wa Magharibi Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, alishika njia ya kati: Mungu ni sababu ya kwanza, viumbe ni sababu za pili, na sababu za pili zinatenda kwelikweli kwa kuwa Mungu amezipa uwezo wa kutenda.

Utafiti wa bahari na barafu hauwezi kuamua kati ya watatu hao. Vipimo huonyesha mfuatano na uwiano: maji ya karibu na Afrika yakipata joto, mvua huzidi. Mfuasi wa al-Ghazali atauita mfuatano huo desturi ya Mungu, mfuasi wa Ibn Rushd atauita hekima iliyomo katika maumbile, na mfuasi wa Aquinas atauita kazi ya sababu za pili. Wote watatu wanaweza kutumia modeli ileile ya kompyuta na kupata jibu lilelile. Wanachotofautiana ni kile kinachoufanya mfuatano uwepo, na hakuna kipimajoto cha jambo hilo. Anayesema kwamba joto la bahari likijulikana Mungu hahitajiki, na anayesema kwamba Mungu akikubaliwa joto la bahari halihitajiki, wanafanya kosa moja: wanauchukua mnyororo na asili ya mnyororo kuwa vitu viwili vinavyogombea nafasi moja.

Hata dua ya mvua, iwe sala ya Waislamu ya kuomba mvua au maombi ya misa, haipotezi maana kwa sababu hiyo. Dua ingepoteza maana kama ingekuwa chombo cha kusukuma mawingu, maana chombo hupimwa kwa ufanisi wake. Mapokeo yote mawili yanaifundisha kama unyenyekevu na toba. Katika sala ya Waislamu watu huhimizwa kabla ya kuomba warudishe walichodhulumu na wapatane. Ombi la mvua linaanza na kujihoji juu ya mwenendo wa waombaji.

Fikra za Kiafrika nazo zimeingizwa katika mjadala huu. Placide Tempels, mmisionari Mfransisko aliyeishi Katanga, alidai katika kitabu chake cha falsafa ya Kibantu cha mwaka 1945 kwamba kwa Wabantu kuwako ni nguvu, na kila nguvu inagusa nyingine. Inavutia kuona humo picha ya angahewa, bahari na barafu zinavyoshikamana. Mfanano huo una mpaka. Nguvu za Tempels zina nia: mkubwa, mhenga au adui anaweza kuzidisha au kupunguza uhai wa mwingine makusudi. Bahari haina nia. Zaidi ya hayo, Paulin Hountondji wa Benin na V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, walihoji kama Tempels aliandika mawazo ya Waafrika au mawazo yake juu yao. Kinachobaki ni swali ambalo jamii nyingi za bonde hilo zimezoea kuliuliza baada ya janga: zaidi ya jinsi lilivyotokea, nani ameharibu nini? Kwa karne nyingi aliyeliuliza baada ya mafuriko aliweza kuambiwa kwamba anatafuta mchawi pasipo na mchawi. Leo swali hilo lina sehemu yenye jibu.

Nani wa kuulizwa

Mwaka 1896 Svante Arrhenius alikokotoa kwamba kuongezeka kwa hewa ya kaboni, ile inayotoka makaa ya mawe yakichomwa, kunaweza kuipasha dunia joto. Hasselmann baadaye alionyesha jinsi ya kutenganisha alama ya binadamu na mabadiliko ya asili katika vipimo. Kwa njia za namna hiyo kundi la World Weather Attribution lilikadiria, Desemba 2023, kwamba mvua kubwa za Ethiopia, Kenya na Somalia za miezi hiyo ziliongezewa ukali na mabadiliko ya tabianchi hadi kufikia maradufu, na kwamba hali ya Bahari ya Hindi nayo ilichangia. Jibu hilo halimpi mtu nafasi ya kusema yote ni maumbile, wala nafasi ya kusema yote ni binadamu.

Maadili ya kawaida hayakuzoea makosa ya aina hii. Aliyechoma makaa ya mawe hakukusudia kuongeza mafuriko, mchango wake peke yake ni mdogo, aliyedhurika yuko bara jingine, na tokeo huja baada ya miongo. Wakati mwingine hata umbali wenyewe huongeza madhara. Barafu ya Greenland huyavuta maji ya bahari kwa uzito wake. Ikiyeyuka mvuto hupungua, bahari ya karibu nayo hushuka huku ya tropiki ikipanda zaidi ya wastani. Kongo, yenye pwani fupi ya kama kilomita 40 huko Muanda, inapokea kwa wingi kile ilichokichangia kwa uchache. Hilo halimaanishi kwamba Kongo haihusiki kabisa. Mashamba ya kufyeka na kuchoma, na makaa yanayopikiwa mijini, hupunguza msitu unaorudisha mvua bondeni. Ila anayekata mti apate kupika na anayechoma mafuta kwa anasa hawalingani, na dini zote mbili zinatofautisha dharura na israfu.

Dini zina kanuni zinazolifaa swali hili. Fikihi ya Kiislamu inamtaka aliyeharibu mali ya mwenzake aifidie hata kama hakukusudia, kwa kuwa nia huangaliwa katika dhambi, na fidia huangalia hasara. Azimio la Kiislamu la Istanbul la Agosti 2015 liliziita nchi tajiri na zenye mafuta zitangulie kupunguza gesi. Waraka wa Papa Fransisko wa mwaka huohuo, Laudato Si', ulitaja bonde la Kongo na barafu za milimani miongoni mwa vitu ambavyo dunia nzima inavitegemea, na ukasema kwamba kuna deni la kiikolojia kati ya Kaskazini na Kusini. Waumini wa Kasongo na wa Kindu wanafikia mahali pamoja kwa njia mbili.

Siasa za kimataifa hazijafika hapo. Mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh wa Novemba 2022 uliafiki kuunda mfuko wa hasara na madhara kwa nchi zinazoumizwa. Lakini uamuzi ulioambatana na Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 ulikuwa umeshatamka kwamba kifungu kinachohusu hasara hizo hakileti msingi wa dhima wala fidia. Fedha zinaweza kutolewa, kosa halikiriwi. Kwa lugha ya fikihi, kinachotolewa kwa hiari ni sadaka, na kinacholipwa kwa haki ni deni. Sadaka humtukuza mtoaji na humwachia kuamua kiasi na wakati; deni lina kiasi chake, na mwenye kudai ana haki ya kudai. Kuliita deni sadaka ni kuichukua haki ya mtu na kumpa shukrani aitoe.

Hapo ndipo utafiti na dini vinapogawana kazi. Vipimo vya bahari, matope na barafu vinaweza kusema ni kiasi gani cha madhara kimetokana na mikono ya watu, na vinakisema kwa usahihi unaoongezeka, ingawa katika bonde la Kongo upungufu wa vituo bado unawanyima waathirika ushahidi wao. Haviwezi kusema anayesababisha madhara bila kukusudia anadaiwa nini. Hilo ni swali la haki, na mapokeo yaliyopo Maniema yalikuwa na majibu yake kabla hapajakuwa na kipimo kimoja cha joto la bahari. Anayejibu kila mafuriko kwa kusema ni mapenzi ya Mungu, akaishia hapo, anaiacha sehemu ya mafundisho ya dini yake mwenyewe: ile inayosema kwamba Mungu atawauliza watu juu ya waliyoyatenda.